Kiti cha Maktaba

Watu wa rika langu wakiitaja maktaba huisikitikia: zamani tuliazima vitabu, leo vijana wanaingia na madaftari yao, wanakaa, wanatoka bila kugusa rafu. Mabadiliko hayo ni ya kweli, ila sioni msiba. Kabla ya uhuru, East African Literature Bureau, iliyoanzishwa 1948, ilisambaza vitabu kwa masanduku na kwa posta, kwa kuwa vitabu ndivyo vilivyoadimika. Sheria ya 1963 ikaunda bodi ya maktaba, na tarehe 9 Desemba 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu Dar es Salaam. Mikoani nako, Arusha ikiwemo, maktaba ilithaminiwa kwa vitabu inavyoazimisha.

Leo kilichoadimika ni nafasi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ile ya 2022 ikakuta 617,631. Kata za pembezoni kama Olasiti, mashamba ya juzi tu, zimejaa vyumba vya kupanga. Elimu bila ada, tangu 2016, imeongeza watoto madarasani, lakini haikupanua chumba cha mpangaji. Anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne anasoma kitandani, wadogo zake wakicheza, redio ya jirani ikiunguruma ukutani. Mgahawani ataulizwa anakunywa nini. Maktaba humpa kiti, meza na ukimya wa watu wasiomjua wanaofanya kazi kama yake, na hapo ndipo mapenzi ya maktaba yanapoanzia, hata kwa asiyeazima chochote. (Ada ya uanachama, hata ikiwa ndogo, ni kizingiti, lakini nauli ya daladala hadi mjini na kurudi, kila siku, ni kikubwa zaidi.)

Wapo wanaosema simu imemaliza kazi. Simu huleta kitabu, bando likiwepo, na huleta pia kila kinachomwondoa mtu kitabuni. Meza hailetwi na simu. Hoja nzito ni ya wanaotaka madarasa na zahanati kwanza. Nawaunga mkono, na ndiyo maana sidai jengo jipya. Madarasa yanafungwa jioni. Taa, mlinzi, rafu chache na mkutubi wa kumwelekeza msomaji vinatosha kuanzia. Halmashauri ya Jiji ichague shule moja Olasiti, iifungue jioni kwa wakazi wote.