Sedumu: Mmea Mfupi Usiolilia Maji

Ukifuata Barabara ya Ngong jijini Nairobi, utaona vitalu vya miche kando ya njia, vumbi la matatu likitua juu ya maua. Wateja hukimbilia waridi. Karibu na miguu yao, kwenye mikebe, kumejificha mimea mifupi yenye majani manene kama punje za mahindi. Hiyo ndiyo sedumu, na kwa jamaa wanaopata maji ya mfereji kwa zamu, hiyo ndiyo ya kununua.

Lakini si kila sedumu hutambaa. Ile iitwayo mkia wa punda ni ya kuning'inizwa. Ukiuziwa ya kufunika ardhi, ikatae. Inayofaa ni Sedum acre, ambayo kwa kawaida haizidi sentimita 10 na hutoa maua ya manjano. Nyingine, Sedum rubrotinctum, huwa nyekundu ikipigwa na jua kali. Jani lake likianguka (nalo huanguka kwa kuguswa tu!) huweza kuotesha mche mwingine.

Mkazi wa Embakasi ajihadhari zaidi kuliko wa Kikuyu mwenye udongo mwekundu. Udongo mweusi wa Embakasi hushika maji ya masika hadi mizizi ikaoza. Inua tuta, uchanganye mchanga na kokoto.

Kabla ya kulipa, inua mkebe. Majani ya chini yakiwa yamelainika na kung'aa kama yaliyochemshwa, urudishe, hata muuzaji akikupunguzia bei.