Ngozi ya Vidole

Kijana aliletwa usiku, miaka 27, ameketi kitako kwa sababu akilala pumzi zinakata. Ultrasaundi ilionyesha damu imejaa kwenye kifuko cha moyo. Picha ya mishipa ikatupa sababu: ateri ya korona ya kulia, ambayo kwa kawaida haizidi sana milimita 4, ilikuwa imetuna kupita milimita 30, kisha ikapasuka.

Katika miaka yangu yote ya upasuaji wa moyo, nimekutana na hali hiyo mara mbili tu. Hatari iko kwenye kufungua. Ukikiachia kifuko ghafla, presha hupanda na tundu likafumuka upya. Kwa hiyo tulianza kumuunganisha na mashine ya moyo na mapafu kupitia mishipa ya paja, ndipo tukafungua kifua. Moyo uliposimama kwa dawa baridi yenye potasiamu, nilipasua uvimbe. Ndani mlikuwa na mabonge ya damu, tabaka juu ya tabaka, na kuta zenye chokaa, ngumu kama ganda la yai. Chokaa ile ilinishtua: haijengwi na ugonjwa wa juzi.

Nilishona tundu la kuingilia damu na la kutokea, nikabaki na kazi ya kuupa moyo njia mpya. Msaidizi wangu alipendekeza mshipa wa mguuni, unaotolewa haraka. Nikakataa. Mishipa ya mguu huchakaa mapema, na huyu ana maisha marefu mbele yake. Nikachukua ateri ya ndani ya kifua, tukakesha.

Asubuhi nilimkuta mama yake koridoni.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Mwanangu?”

Nikamwambia moyo unapiga wenyewe. Alipomaliza kulia, nikamuuliza habari za utotoni.

“Akiwa na miaka mitatu alishikwa na homa, ikapita wiki. Macho mekundu, midomo ikapasuka. Tukaambiwa surua. Homa ilipoondoka, ngozi ya vidole ikabambuka.”

Ni dalili alizozieleza daktari Tomisaku Kawasaki wa Japani mwaka 1967. Bila tiba, takriban mtoto mmoja kati ya wanne hutuna mishipa ya moyo. Imunoglobulini ikitolewa ndani ya siku 10 za homa, wengi huepuka.

“Kwani ile homa ilikuwa nini?” akaniuliza.

Nikakaa naye kwenye benchi, nikamweleza yote isipokuwa habari ya dawa. Hiyo sikuweza.