Padi ya Pili

Mwaka 1995 Magomeni ndiyo kwanza ilikuwa inazoea televisheni. Ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini, na kila wakivuka kuja kutusalimia hawakosi kutukumbusha. Sisi wa Bara tulikaa mpaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo, ndipo seti zikaanza kuingia majumbani, nyingi zikitokea Dubai. Ya kwa babu ilikaa sebuleni ndani ya kabati la mbao lenye kufuli, juu yake kitambaa cha kufuma. Ufunguo alikuwa nao babu mwenyewe. Ikikaribia saa mbili usiku, wakati wa taarifa ya habari, wapangaji wa nyumba nzima walishajipanga, wakubwa kwenye viti, watoto mkekani, na aliyechelewa alisimama mlangoni.

Mashine ya gemu aliileta mjomba, ambaye alikuwa akifuata vitambaa na redio hukohuko Dubai. Boksi lake lilikuwa na maandishi ya Kichina upande mmoja na Kiingereza cha kubabaisha upande wa pili. Ukubwani ndipo nilipokuja kujua kwamba ile ilikuwa nakala ya Family Computer, mashine ambayo Nintendo walianza kuiuza Japani Julai 1983 na viwanda vya Taiwan na China vikaiga mpaka vikachoka. Warusi waliipata kwa jina la Dendy, Wapoland wakaiita Pegasus. Ya kwetu sikumbuki iliitwaje, na sidhani kama Nintendo wenyewe waliwahi kusikia habari za Magomeni.

Kuifunga ilikuwa shughuli. Mjomba alichomoa waya wa antena, akachomeka wa gemu, akaanza kutafuta stesheni kwa kuzungusha kigurudumu kidogo kwa ukucha. Chenga. Chenga tena. Babu amesimama nyuma yake, mikono mgongoni, anaiangalia seti yake inavyochokonolewa. "Usije ukaniharibia habari yangu," akasema. Ghafla chenga zikakusanyika, ikatokea orodha ya majina kwenye kioo cheusi, na sote mkekani tukapiga kelele hata kabla ya kujua tunachokishangilia.

Kaseti ilikuwa ya njano na ilidai kuwa na gemu 9999999. Tuliamini. Tuliteremka na ile orodha ukurasa hadi ukurasa, tukaja kugundua kwamba baada ya gemu chache za mwanzo majina yanabadilika lakini mchezo ni uleule, labda umeanzia steji ya tatu badala ya ya kwanza. Hatukujiona tumeibiwa. Zile chache zilitutosha: Mario alikuwemo, pikipiki za Excitebike zilikuwemo, yule wa sarakasi anayeruka moto juu ya simba alikuwemo. Na vifaru vilikuwemo.

Gemu ya vifaru kwa jina lake halisi ni Battle City, ya kampuni ya Namco, ya mwaka 1985. Kwa asiyeijua: unatazama uwanja kutoka juu, umejaa kuta za matofali, kuta za chuma, maji na miti ya kujifichia. Chini katikati kuna tai ndani ya kizimba cha matofali. Sisi tulimwita kuku. Vifaru 20 vya adui vinashuka kutoka juu, na kazi yenu ni kuvimaliza kabla havijamfikia kuku. Kuku akipigwa mchezo umekwisha, hata kama mmebakiwa na roho kumi.

Uzuri wake, na ugomvi wake, ni kwamba wanacheza wawili kwa pamoja, kifaru cha njano na cha kijani, na risasi za mmoja zinampata mwenzake. Ukimpiga mwenzako hafi. Anaganda palepale kwa muda, anametameta, anaweza kufyatua risasi lakini hawezi kusogea hata hatua. Mdogo wangu wa kiume aligandishwa na mimi mara nyingi kuliko alivyoguswa na adui. Na kuku hakuuawa na maadui peke yao, maana risasi yako mwenyewe inaweza kumuua. Mdogo wangu alikuwa akiona kifaru cha adui kinapita mbele ya kizimba, anapaparika, anafyatua kuelekea chini, tofali linatoka, risasi ya pili inamkuta kuku. Kimya. Kisha mimi naanza.

Padi zilikuwa mbili lakini hazikuwa sawa. Ya kwanza ilikuwa na vitufe vya Start na Select katikati, ya pili ilikuwa tupu mahali hapo. Maana yake mwenye padi ya kwanza ndiye anayechagua gemu, ndiye anayeianzisha, na ndiye anayeweza kuisimamisha akiitwa kwenda kuteka maji. Mwenye ya pili akiitwa, kifaru chake kinabaki kimesimama kama mjinga kinasubiri kupigwa. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo hapakuwa na mjadala. Mdogo wangu alishika ya pili mpaka rangi ya vitufe ikafutika, na leo, mtu mzima mwenye ndevu, bado anaihesabu dhuluma hiyo miongoni mwa dhuluma za dunia.

Kulikuwa na bastola pia, ya plastiki, kwa ajili ya kuwinda bata. Siku moja bibi, ametoka kuswali Magharibi na kanga yake bado kichwani, akasema tumpe ajaribu. Akakosa bata wote wawili. Yule mbwa wa kwenye gemu akainuka kutoka majanini, akacheka kama afanyavyo kwa kila aliyekosa. Bibi akashusha bastola. "Mbwa huyu ananicheka mimi?" Akataka arudie, na akarudia mpaka babu alipoingia kudai habari yake. Kuanzia hapo gemu haikupigwa marufuku tena nyumbani kwetu, ila ilipangiwa saa.

Miaka ile umeme ulikuwa wa mgao, mabwawa yamekauka. Mashine haikuwa na pa kuhifadhia ulipofikia. Umeme ukikatika mko steji ya 14, mnarudi ya kwanza. Kwamba steji zilikuwa 35 nimekuja kulisoma ukubwani. Sisi tulidhani hazina mwisho, kwa sababu hakuna usiku umeme ulituruhusu kuufikia. Hatimaye siku moja umeme ulirudi kwa nguvu kuliko ulivyoondoka, adapta ikatoa harufu ya kuungua, basi, na hiyo ikawa ndiyo buriani.

Gemu zilirudi mtaani baadaye kwa sura nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kila kona ya Magomeni Mapipa na Mwembechai ilikuwa na kibanda cha PlayStation, kwanza ile ya kijivu, kisha PS2. Vilikuwa kama wadogo wa vile vibanda umiza vya video: bati, pazia mlangoni, feni imeelekezwa kwenye mashine badala ya watu, na karatasi ukutani, "Matusi marufuku. Ukivunja padi utalipa." Mchezo ulikuwa Winning Eleven. Unalipa kwa mechi, anayefungwa anatoka, mshindi anabaki.

Hapo mimi sikuwemo. Mama alikuwa akiniambia, "Kamwite mdogo wako," nami naenda mpaka kwenye pazia, naita, basi. Kuingia, mtoto wa kike anafuata nini huko? Nilisimama nje nikisikia goli likishangiliwa, nikaona kwa upenyo wa pazia migongo ya wavulana na kioo kinachong'aa. Ndiyo maana watu wa rika langu wakianza kuikumbuka PlayStation kwa machozi, mimi ninakaa kimya. Ya kwangu mimi ni ile ya mkekani.

Haya yote yaliibuka mwaka jana, mdogo wangu aliponipigia simu kutoka Mwanza kwamba Desemba anakuja na wanawe, na kwamba tuwaonyeshe tulivyokuwa tukicheza. Tukakubaliana kuchanga laki moja na nusu. Kwa fedha hiyo nikaingia Kariakoo.

Mtu akiwa na bajeti ndogo, jambo la kwanza analoambiwa ni kwamba simu yako inatosha. Ni kweli kwa nusu. Simu ya kawaida tu ya Android inaiendesha gemu yoyote ya mashine ile ya 1983 bila jasho, na hata nyingi za PlayStation ya kwanza, kwa programu za bure zinazoiga mashine ya zamani. Lakini vitufe vinakuwa juu ya kioo, vidole vinafunika theluthi ya uwanja, na dole gumba halijui liko wapi mpaka ulitazame. Halafu simu ni ya mtu mmoja. Utamwambia nani akae upande wa pili?

Mtaa wa Aggrey nikaonyeshwa vile vijimashine vya mkononi vya SUP, gemu 400 ndani. Bei yake ni ya kuchezea, na vingine vinakuja na padi ya pili ya waya na waya wa kuunganisha kwenye TV. Nilichokipenda zaidi ni betri: ni ileile ya muundo wa BL-5C, ya simu ndogo za Nokia, inayopatikana mpaka dukani kwa Mangi. Kwa mtoto anayesafiri na basi kwenda Mwanza, hakuna kitu cha maana zaidi kwa bei hiyo. Kwa watu wazima wawili wenye kesi ya miaka, vitufe ni vidogo mno na waya wa padi ni mfupi.

Muuzaji akahamia kwenye kijiti cha kuchomeka kwenye TV, chenye padi mbili zisizo na waya. "Dada, hii ina gemu elfu kumi."

"Nionyeshe ya vifaru."

Akatafuta. Ilikuwemo, na ilikuwemo tena, na tena kwa majina mengine. Nikacheka peke yangu, naye akadhani nimeshakubali bei. Nikamwomba nijaribu. Nilibonyeza, kifaru kikafikiri kwanza, ndipo kikafyatua. Kuchelewa kidogo tu, mtu ambaye hakucheza zamani hatakuona, lakini katika Battle City huo ndio muda wa kuku kufa. Sehemu ya tatizo ni padi za bei chee, sehemu ni TV bapa zenyewe, ambazo huichakata picha kabla ya kuionyesha. Nyingi zina mpangilio wa gemu kwenye menyu wa kupunguza hilo. Ukiwa nayo nyumbani, uwashe kabla hujanunua chochote.

Mdogo wangu kwa simu alitaka PS2 ya mtumba. Namwelewa. Sony walitengeneza zaidi ya milioni 160 za aina hiyo kabla ya kuacha mwanzoni mwa 2013, kwa hiyo hazijaisha, na inasoma diski za PlayStation ya kwanza pia. Ila jicho la kusomea diski nyingi limechoka, na fundi mwaminifu atakwambia kulibadilisha ni kubahatisha, maana la akiba nalo limetoka kwenye mashine nyingine iliyochoka. Bei ya iliyo nzima ingemeza mchango wote, na padi ya pili ingebaki ahadi. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Kwa hiyo bado unaninyima padi ya pili."

Nilichokiamua kilikuwa kimekaa mezani kwangu muda wote, yaani kompyuta ya kazi. Battle City inauzwa kihalali katika mkusanyiko wa Namco Museum Archives, juzuu ya pili, uliotoka 2020, na Contra, gemu nyingine ya enzi ile, iko kwenye mkusanyiko wa Konami wa 2019. Vyote vinapatikana kwa kompyuta ya kawaida, na vikishuka bei havifiki chakula cha mchana cha watu wawili pale Posta. Nililipia kwa kadi ya mtandaoni ya pesa za simu. Kisha nikanunua padi mbili za waya za USB, za aina moja, rangi moja, na waya wa HDMI. Kama una elfu hamsini tu mkononi, ushauri wangu ni huo: gemu moja, padi mbili zinazofanana, za waya. Mashine utapata ya kuazima.

Ikabaki fedha, na bastola ikabaki haijapata ufumbuzi. Bastola ile haipigi kitu chochote, inaangalia. Ukivuta kifyatulio, kioo kinakuwa cheusi kwa kufumba na kufumbua, panatokea mraba mweupe mahali alipo bata, na kihisi cha mwanga kilicho ndani ya mtutu kinangoja kuuona. Kwenye TV bapa mraba unachelewa kutokea, mashine inaamua umekosa, mbwa anacheka. Inataka chogo, yaani TV ya zamani yenye mgongo mkubwa. Nakala za mashine ile bado zinauzwa, nyingine na bastola yake ndani ya boksi, lakini bila chogo ni pambo.

Machogo hayana thamani tena tangu matangazo ya analojia yazimwe Dar usiku wa 31 Desemba 2012 na kila mtu akaanza kuhamia TV bapa. Fundi mmoja wa Manzese alikuwa nayo stoo nzima. Alinipa la inchi 21 lenye tundu za AV kwa bei ambayo mwenye bajaji, alipoona lilivyo zito, aliizidisha kwa nauli. Mume wangu amekubali likae chumba cha wageni, kwa sharti kwamba mgeni wa kwanza akilalamika, linarudi Manzese siku hiyohiyo. Mgeni wa kwanza ni mdogo wangu.