Kinyesi Kilichogeuka Jiwe

Yako mambo ambayo adabu hutufundisha kutoyataja mbele ya wageni, na elimu hutulazimisha kuyatazama. Kinyesi ni moja katika mambo hayo. Mtu muungwana akikiona njiani hukiepuka, wala hasemi neno. Mimi siilaumu adabu hiyo. Lakini nakuomba, msomaji, uiweke kando kwa muda wa kurasa hizi chache, maana nataka kukueleza habari za kinyesi cha wanyama wadogo wa baharini. Kinyesi kilichodondoka kabla hajawako mtu wa kuona haya, kikafukiwa na tope, kikageuka jiwe.

Wahenga walisema, "Mla ni mla leo, mla jana kala nini?" Methali hiyo ni kweli kwa mwenye njaa, kwa kuwa tumbo halikumbuki shibe ya jana. Lakini mbele ya mwanachuoni wa miamba methali hiyo hugeuka swali lenye jawabu. Yeye huuliza: aliyekula jana, na juzi, na miaka milioni mia moja kabla ya juzi, alikula nini? Naye alikuwa nani? Mnyama akifa baharini, nyama yake huliwa au huoza. Mwenye gamba nene, kama chaza, huacha gamba. Lakini uduvi na jamaa zake wana maganda mepesi yavunjikayo upesi, na mara nyingi hawaachi hata ukucha. Hata hivyo, mnyama hufa mara moja tu, na katika uhai wake huenda haja maelfu ya mara. Basi ushahidi wa maisha yake ni mwingi kuliko ushahidi wa kifo chake.

Wa kwanza kuufungua mlango huu walikuwa watu wawili wa Uingereza. Mary Anning alikuwa binti wa seremala katika mji wa Lyme Regis, akipata riziki kwa kuchimbua na kuuza visukuku vya majabalini. Ndani ya mifupa ya mijusi mikubwa ya bahari ya kale aliona mawe ya ajabu yamelala mahali pa tumbo, na mawe hayo yakivunjwa huonekana mifupa na magamba ya samaki ndani yake. William Buckland, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Oxford, aliyachunguza mawe kama hayo, na mwaka 1829 akayapa jina la koproliti, kwa maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya kinyesi na jiwe. Tangu hapo lililokuwa aibu likawa elimu.

Mijusi ile ilikuwa mikubwa, na kinyesi chake kilionekana kwa macho. Vipi kuhusu wadogo, ambao kidonge cha kinyesi chao mara nyingi hakifiki upana wa milimita moja? Hapa kazi huwa ngumu. Jiwe hukatwa kwa msumeno wa almasi, hubandikwa juu ya kioo, kisha husuguliwa mpaka unene wake ubaki sehemu 3 tu katika 100 za milimita. Likiwa jembamba kiasi hicho, mwanga hupenya ndani yake, nalo huwekwa chini ya hadubini. Ndipo mtazamaji aonapo katika weupe wa chokaa miduara midogo yenye weusi, na katika baadhi ya miduara hiyo matundu madogo yaliyopangwa kwa taratibu, upande wa kuume ukilingana na upande wa kushoto kama uso wa mtu na kivuli chake katika kioo.

Matundu hayo yaliwasumbua wataalamu. Mwaka 1955 Paul Brönnimann, alipoeleza visukuku vidogo vya mawe ya Kuba, alivipa vidonge vya namna hii jina la Favreina, akaviweka katika kundi la vitu ambavyo nasaba yake haijathibitika. Lakini ufunguo ulikuwa umekwisha kupatikana, nao haukutoka katika jiwe, bali katika tope bichi. Katika miaka ya 1930 Hilary Moore alikuwa amechunguza kinyesi cha wanyama wa baharini walio hai, akaonyesha kwamba kila jamii ina umbo lake: konokono huyu hutoa vijiti vyenye mifuo, kaa yule hutoa vya namna nyingine. Wako jamaa za kamba, wachimbao mashimo mchangani, ambao vidonge vyao vina mifereji myembamba ipitayo kwa urefu kutoka mwisho hata mwisho. Mwaka 1948 Edouard Paréjas aliandika juu ya vidonge vya mawe ya mlima Salève, karibu na Geneva, kuwa ni kinyesi cha wanyama wa jamii hiyo. Na mwaka 1960 Brönnimann mwenyewe, pamoja na mwenzake Norton, alitoa utaratibu wa kuviainisha vidonge hivyo kuwa kinyesi. Hata leo idadi ya mifereji, umbo lake na mpango wake ndivyo vitambulishavyo aina moja na nyingine.

Angalia sasa uzito wa jambo hili. Tukikihesabu kinyesi kuwa kiumbe, tunaongeza katika orodha ya walioishi mmoja ambaye hakupata kuishi. Na tukikitupa kwa kukidharau, tunamfuta mmoja ambaye aliishi kweli, akala, akachimba nyumba yake, akazaa. Kosa la kwanza ni uwongo, na la pili ni dhuluma. Mwenye kutambua vitu ni kama kadhi: haimpasi kumpa mtu nasaba isiyo yake, wala kumnyima iliyo yake.

Tena si kila kidonge ni kinyesi. Nenda pwani yetu maji yakipwa, utazame mchanga ulio laini. Utaona maelfu ya vidonge vya mchanga vimezunguka vishimo vidogo. Asiyejua atasema ni kinyesi cha kaa. La, sivyo. Kaa yule mdogo huutia mchanga kinywani, huchuja chakula kilichomo, kisha huutema ukiwa kidonge. Kitu hicho kimepita kinywani tu. Hakikupata kuingia tumboni. Vivyo hivyo katika mawe zimo chembe za mviringo ambazo ni chokaa tupu iliyojizungushia tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu. Hizo ziliumbwa na maji, hazikuumbwa na mnyama. Na vimo vipande vya tope gumu vilivyovunjwa na mawimbi, vikubwa kwa vidogo pamoja. Kidonge cha kinyesi hakina tabaka za kitunguu, nacho hulingana na wenzake kwa ukubwa, kwa kuwa vyote vilipita katika mlango mmoja. Waingereza wa karne ya 19 walichimba mawe mengi katika majimbo ya Cambridge na Suffolk, wakiyasaga kuwa mbolea na kuyaita koproliti. Lakini mengi katika hayo yalikuwa madonge ya fosfati tu. Mbolea ilifaa, ila jina lilikuwa la uwongo.

Huenda utauliza, faida ya yote haya ni nini? Nitakujibu. Favreina huonekana sana katika mawe yaliyokuwa tope la bahari ya maji machache yenye utulivu, na kwa hiyo kidonge kimoja humwambia mtafiti habari za mahali ambapo bahari imekwisha kupatoka. Katika nchi yetu, mawe ya chokaa ya Kambe, bara kidogo kutoka Mombasa, yalijengwa chini ya bahari katika zama za Jurasiki. Mwenye kutaka kuyasoma mawe kama hayo hana budi kuzijua herufi zake, na vidonge ni herufi mojawapo. Wala kazi ya kinyesi haikwisha zamani. Hata leo wadudu wadogo wa baharini hula mimea ya juu ya maji, na kinyesi chao huzama kilindini. Kwa njia hiyo hewa ya kaboni iliyokuwa angani hushushwa chini, na viumbe wa gizani hupata chakula.

Basi wewe uliye shuleni, usichague cha kujifunza kwa kutazama uzuri wake. Dhahabu hujulikana na kila mtu, wala hainoi akili ya mtu kuijua. Lakini kidonge kidogo cheusi ndani ya jiwe hudai macho, subira na ukweli: macho ya kuhesabu mifereji, subira ya kulinganisha kilichokufa na kilicho hai, na ukweli wa kusema "hiki sicho" pale tunapotamani kiwe ndicho. Mwenye kuzipata tatu hizo atatambua mengi kuliko kinyesi, nayo elimu haitamwona mgeni popote aendapo.