Ndugu Aliyetoka Kifungoni

Ndugu yetu mdogo alipotoka gerezani, tulimpokea usiku. Hatukutaka majirani wa mtaa wetu hapa Kisangani wamwone. Alikuwa amekula fedha za chama alichokabidhiwa, akahukumiwa, akatumikia kifungo chake mpaka siku ya mwisho. Tulimpa chumba cha nyuma, tukamwagiza asitokee barazani wageni wakija.

Siku moja watu walikuwa wakiandikishwa kupiga kura. Sote tulijitayarisha, yeye akabaki ameketi. Tulipomwuliza, alijibu, "Yaya, mimi tena ni mtu wa kuandikwa?" Tulinyamaza, maana ni sisi tuliomfundisha kujiona hivyo.

Basi tukamwendea mzee mmoja aliyekuwa karani wa mahakama. Alitueleza kwamba kwa Katiba ya mwaka 2006, mpiga kura ni kila Mkongomani aliyetimiza miaka 18 na mwenye haki zake za kiraia na za kisiasa. Anayezuiwa ni yule aliyenyang'anywa haki hizo kwa hukumu isiyoweza kukatiwa rufani tena. "Je, mmeisoma hukumu yake?" Hatukuwa tumeisoma. Tulipoisoma, hatukukuta neno la kumnyang'anya haki hizo. Aibu yetu ndiyo iliyomwongezea adhabu ambayo hakimu hakuitoa.

Mzee alituonya pia tusichanganye mambo. Kugombea cheo ni jambo jingine: sheria ya uchaguzi huwafungia mlango waliohukumiwa kwa makosa kadhaa, kama vile rushwa na kula mali ya umma. Tena, Rais aweza kufuta au kupunguza adhabu, lakini msamaha huo hauifuti hukumu yenyewe. Msamaha wa jumla, unaofuta hata kosa, hutolewa kwa sheria ya Bunge.

Kisha alitukumbusha habari ya mji wetu, ulipokuwa ukiitwa Stanleyville. Patrice Lumumba, karani wa posta, alikamatwa mwaka 1956 kwa kula fedha za posta, akahukumiwa, akafunguliwa mwaka 1957. Mwaka 1960 wananchi walimchagua, naye akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi yetu. Hatusemi kwamba wizi ni kitu kidogo. Twasema kwamba hukumu ile haikuwa mwisho wa mtu.

Tulirudi nyumbani, tukamwomba ndugu yetu radhi. Kesho yake tulikwenda naye mchana, kwa njia kuu, tukasimama pamoja katika mstari. Majirani wengine walitazama pembeni. Mmoja alimpa mkono. Leo analipa deni la chama kidogo kidogo, na wageni wakija huketi barazani pamoja nasi.

Wahenga walisema, kosa moja haliachi mke. Nanyi mlio na ndugu wa namna hiyo, isomeni hukumu yake vizuri, wala msimwongezee siku hata moja.