Kopo la Blue Band

Mwaka 2000 nilikuwa nikifundisha darasa la saba katika shule moja ya msingi kando ya ziwa, mkoani Mwanza. Madirisha yetu yalitazama mwalo, na upepo ukigeuka, harufu ya dagaa walioanikwa ilitukuta katikati ya hesabu.

Miezi michache nyuma, Rais Mkapa alikuwa ameutangaza Ukimwi kuwa janga la taifa. Sisi wa Kanda ya Ziwa tulikwisha kuzika. Wagonjwa wa kwanza nchini waligundulika mwaka 1983 kwa jirani zetu wa Kagera, na huko watu waliuita ugonjwa Juliana, jina la nguo za magendo zilizotoka Uganda. Wanafunzi wangu walikuwa na majina yao: ngoma, miwaya. Hata kirefu cha AIDS walinipa huku wakisukumana kwa kicheko: Acha Iniue Dogodogo Siachi.

Mimi nilikuwa nimetoka semina na chati moja na agizo moja: kondomu itajwe, isionyeshwe. Kwa kuwa aibu ilikuwa yao na yangu pia, nilichukua kopo la Blue Band, nikatoboa mfuniko kwa kisu, nikawaambia waandike maswali bila majina. Kila Ijumaa nilisoma vikaratasi vyenye madoa ya mafuta.

Mbu akimuuma mgonjwa kisha akaniuma mimi? Hapana, virusi haviishi kwa mbu. Aliyechomwa sindano ya kisonono akapona, Ukimwi nao umetoka? Hapo nilichangamka. Nilieleza kwamba kisonono na kaswende vina tiba, VVU havina. Lakini vidonda na usaha wa magonjwa hayo huvifungulia virusi mlango, kwa hiyo mtu asikae nayo kwa kuona haya. Ushahidi ulikuwa wa kwetu: utafiti wa mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulionyesha kuwa zahanati zilipoboresha tiba ya magonjwa ya zinaa, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40.

Kikaratasi kilichofuata kilisema: “Amenilipia sare na madaftari. Sasa anasema nimekula chake. Nitakataaje?”

Nilikikunja, nikakitia mfuko wa shati. Nikasema muda umekwisha, ingawa kengele ilikuwa haijalia.

Ijumaa iliyofuata mwandiko ulikuwa uleule, kalamu imekandamizwa hadi karatasi karibu itoboke: “Mwalimu, langu hukulisoma.”

Safari hii nilikisoma kikaratasi hicho kwa sauti, na lile swali la kwanza nikalisema kutoka kichwani. Hakuna aliyecheka. Niliwaambia sare si deni la mwili, na mtu mzima anayedai hivyo ndiye mwenye kosa, hata kama ni mjomba, hata kama ni mwalimu. Niliposema “mwalimu”, vichwa kadhaa viliinuka. Kisha nikaenda kumwomba mwalimu mlezi wa wasichana abaki ofisini jioni ile. Alibaki, mlango wazi, akisahihisha madaftari hadi giza likaingia. Nani aliingia, sikumuuliza.

Kikaratasi cha kwanza nilikikuta baadaye mfukoni. Kilikuwa kimefuliwa pamoja na shati. Wino umetoka wote, mkunjo umebaki.