Usije

Shosho alifariki Jumanne alfajiri. Kabla mathe hajamaliza kuwaambia majirani, simu yangu ikalia. Ni brathe, kutoka Marekani.

"Nikikata tiketi leo, Ijumaa niko Nairobi," akasema. "Niambie nije."

Mimi ndiye niliyeacha chuo mwaka wa pili, sasa naandika makala za kulipwa moja moja. Kwetu hakuna anayeniomba ushauri. Siku hiyo nikaombwa.

Brathe aliondoka Agosti 2024, miezi miwili baada ya maandamano ya Mswada wa Fedha. Kuna watu walimfuata kwake usiku na gari lisilo na nambari. Hawakumpata. Wakamwambia soja wa geti watarudi. Alipofika Marekani akaomba hifadhi, na mpaka leo anangoja jibu.

Kanuni za hilo ombi nimezisoma hadi nikazikariri. Ukitoka Marekani kabla hawajaamua, bila kibali cha kusafiri ulichopewa kabla ya kuondoka, unahesabiwa umeliacha ombi lako. Kibali chenyewe unakiomba kwa fomu I-131, na hata ukikipata, ukirudi ni afisa wa uwanja wa ndege anayeamua kama utaingia. Na ukienda nchi ileile uliyosema unaikimbia, hata ukiwa na kibali, wanachukulia umeacha ombi, mpaka uonyeshe ulikuwa na sababu nzito ya kwenda.

Kumzika shosho ni sababu nzito? Kwetu hilo halina mjadala. Brathe alilelewa naye hadi darasa la nne, wakilala kitanda kimoja. Lakini mwenye faili mezani ana swali lake: kama kweli unaogopa kuuawa huko, uliwezaje kurudi ukae hemani na watu?

Na mimi nilikuwa na swali langu: wale wa gari wakisikia kuna matanga, si watajua pa kumngoja?

Nilitaka kusema njoo. Jo, nilitaka sana. Nikasema, "Usije."

Nikamsikia akipumua. Kisha akakata simu.

Tulizika Murang'a, wiki iliyofuata. Mjomba mmoja akasema kwa sauti, makusudi nisikie, "Hawa wakifika Majuu wanasahau kwao." Nikajibu kwamba brathe amenyimwa ruhusa kazini. Ilikuwa uongo, lakini mbele ya umati ambao nusu yake siujui, ukweli ungeweza kumponza. Mathe, anayejua kila kitu, akatazama chini.

Nilimwonyesha brathe mazishi kwa simu. Jeneza lilipoanza kushuka, mtandao ukakwama, uso wake ukaganda kwenye kioo, mdomo wazi. Nikaitia simu mfukoni. Wajukuu wakaitwa. Nikachota udongo nikatupa, nikachota tena nikatupa. Mjomba akaniangalia kama mtu asiyejua kuhesabu.

Watu husema aliye ng'ambo ametoroka. Sasa mimi naona amefungiwa nje, na ni mimi niliyesaidia kufunga mlango. Ningeulizwa tena, ningejibu vilevile. Hilo halinisaidii kulala.

Usiku brathe akaandika ujumbe mmoja tu: "Ulitupa udongo wangu kwanza ama wako?"

"Wako," nikamjibu.